Siku Chai ya Bi Mwanahawa Ilipogeuka Nyama

Waliokuwepo uani siku ile ni hawa. Bwana Maabara mwenyewe, mwenye nyumba. Tereza, mke wake. Katekista Yohana, kaka yake Tereza, aliyevaa koti la harusi ingawa harusi ilikuwa bado. Upande wa wakwe kutoka Nzega alikuwepo Mzee Masanja, mfugaji, baba wa bwana harusi. Mdogo wake, Ngassa. Na Kabula, shangazi wa kijana. Bi Mwanahawa, Mzaramo aliyeolewa mtaa wa Kanyenye, muuza chapati, mtani wetu. Mimi, Kalunde, jirani wa ukuta kwa ukuta hapa Isevya, mjini Tabora, niliyepewa kazi ya kupika. Ndani, nyuma ya pazia, alikuwa Nyanzala, binti anayeolewa. Na beberu mmoja mwekundu, amefungwa kwenye nguzo ya choo. Beberu namtaja kwa sababu na yeye alihusika.

Jina la Bwana Maabara nalijua, la nyumbani na la ubatizo, maana mimi majina hayanitoki. Lakini mwenyewe alisema jina ni la kwenye kitambulisho, mtu anaitwa kwa kazi yake. Basi Maabara aliitwa, na Maabara nitamwandika. Mimi nimeishia darasa la nne, ya maabara siyajui. Nitasema nilichokiona na nilichoambiwa.

Kazi yake kabla ya kustaafu ilikuwa kupima vyakula kwenye chuo fulani, sikitaji. Wenzake walipomuaga walimpa godoro na redio. Chupa za dawa nadhani alijipa mwenyewe. Zilikuwa mbili: moja ina maji yenye rangi ya anga, ya pili ina dawa ya njano kama mkojo wa mtu mwenye homa. Anaweka kitu chake kwenye kichupa chembamba cha kioo, anatia ya kwanza, anangoja, anadondosha ya pili, anangoja tena. Protini ikiwemo, yaani ile nguvu ya nyama na maharage na mayai, kichupa kinageuka bluu. Isipokuwemo, rangi za dawa zenyewe zinapotea, kinabaki kama maji. Ndiyo yote. Na kwa hilo alitutawala mtaa mzima.

Alipima kila kitu. Alipima uji wa wajukuu zangu akaniambia, "Mama Kalunde, hii ni gundi ya bahasha, watie karanga." Nikatia karanga, na kweli watoto wakanawiri, hilo siwezi kumnyima. Alipima supu ya muuza supu wa stendi, yule mtu akahamia Chemchem. Alipima mate ya mbwa. Yai la kuchemsha lilipoletwa mezani, alikata kipande cha ute akaenda nacho chumbani, Tereza akabaki ameshika chumvi.

"Baba Nyanzala, hilo ni yai."

"Wewe ndiye unayesema."

"Kuku ndiye anayesema! Ametoka nalo mwenyewe!"

"Jicho lina njaa, Tereza. Dawa haina njaa."

Huo ndio ulikuwa msemo wake mkubwa. Alimaanisha kwamba jicho likitaka nyama linaona nyama, lakini dawa haitaki kitu, kwa hiyo inasema kweli. Msemo wa pili ulikuwa "Rangi haikimbizwi." Huu aliutumia hata kwa mambo yasiyo na rangi. Ukimwambia bodaboda anangoja, rangi haikimbizwi. Ukimwambia misa imeanza, hivyohivyo.

Na bado alikuwa mtu wa huruma, msije mkadhani vingine. Mtoto akiumwa usiku ni yeye anayetafuta usafiri. Ila huruma yake ilikuja na vichupa. Kwenye msiba wa Mzee Lugembe alikaa na wanaume vizuri tu, kisha akainuka, akawafuata wakamwana wa marehemu, Mwashi na Regina, akawaomba chozi mojamoja. Alisema machozi yana protini, amesoma, hajawahi kuona. Mwashi alikuwa na majonzi, hakujua anaombwa nini, akainamisha shavu. Regina naye akainamisha, hakutaka kuachwa nyuma. Chozi la Mwashi likatoka bluu. La Regina likabaki maji.

Jamani! Ndugu wa Regina walisimama. Mwashi akaanza kulia upya kwa sauti, sasa kwa fahari. Regina akasema alie nani, amemwuguza mzee miaka yote halafu leo anaambiwa analia maji ya bomba! Katekista Yohana akaacha sala akaja kuamua. Bwana Maabara akakitazama kile kichupa kwenye jua akasema, "Regina amelia mengi. Yamezimuka. Chai ukiiongeza maji haiwi chai? Huyu ndiye aliyelia zaidi." Basi Regina akakaa chini ameridhika, Mwashi akanuna mpaka arobaini. Mimi nilimwambia, mzee wangu, siku nyingine uwaache watu walie bila kupimwa. Akasema sawa. Hakuacha, ila msibani hakurudia.

Sasa tuje kwenye nyama ya mti.

Alikuwa na wazo lililomla miaka mingi. Hapa petu, kama mjuavyo, ilipita njia ya zamani ya misafara, na babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo mpaka pwani kwa miguu. Bwana Maabara alikuwa akiuliza, "Mtu abebe pembe ya tembo kutoka Tabora mpaka baharini, anakula unga mkavu. Protini aliitoa wapi?" Tukimwambia waliwinda, waliuziwa maharage na wenyeji, anatikisa kichwa. "Walitafuna njiani. Walitafuna kitu." Akaanza kupima majani ya porini, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwenye mti wa mtundu.

Mtundu mnaujua. Mvua ikikaribia, majani yake machanga yanatoka mekundu, pori zima linakuwa kama limeshikwa na aibu. Nyuki wanaupenda. Magome yake tunatengenezea mizinga. Kula majani yake sijasikia, labda uwe mbuzi, na uwe umefungwa. Basi aliyasaga yale majani, akayachemsha, akayatia dawa. Kichupa kikawa bluu mpaka kikakaribia weusi. Kuliko yai! Kuliko maharage! Nilimwona anatoka chumbani amekishika juu kama padre anavyoinua kikombe.

"Mama Kalunde! Nyama imeota mtini!"

Kuanzia hapo hakulala. Kila aliyepita alionyeshwa. Alisema hakuna mtoto wa Tabora atakayekosa nyama tena, maana nyama tumezungukwa nayo. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alionekana Kanyenye anakula mishikaki. Nilipomuuliza akasema, "Ile ya ng'ombe naila kwa ajili ya kulinganisha."

Ndipo ikaja siku ya wakwe. Kwa mila zetu na za wale wa Nzega, wakwe wakija kula kwa upande wa binti, kula kwao ndiyo jibu. Wakinawa mikono wakala, ndoa ipo. Wasiponawa, wanaaga kwa adabu, na binti anarudisha kitenge alichopewa cha uchumba. Hawatukani wala hawaelezi. Hawanawi tu. Nyanzala alikuwa anampenda Luhende, kijana wa Mzee Masanja, tangu wanasoma wote, na alikwisha kumwambia mama yake kwamba Luhende akikosekana hataolewa na mwingine. Hilo Bwana Maabara alilijua vizuri, maana alimpenda yule binti kuliko chupa zake, na chupa zake alizipenda sana.

Asubuhi nafika na kisu cha kuchinjia, namkuta ananiambia beberu asiguswe.

"Wakwe watakula nini?"

"Nyama ya mti."

Nikadhani utani, nikacheka. Hakucheka. Tereza alikuwa amekaa juu ya kinu, kanga kichwani, kama aliyefiwa. "Nimesema nimechoka," akaniambia. "Anataka kuwalisha wafugaji majani ya mtundu. Wafugaji, Kalunde! Watu wanaojua ng'ombe wao kwa majina!" Bwana Maabara akasema ndiyo maana hasa, mfugaji akikubali, dunia nzima itakubali.

Nikapika. Nifanyeje, ni nyumba ya mtu. Nilichemsha, nikamwaga maji, nikachemsha tena, nikatia chumvi, kitunguu, nyanya. Nikionja, ukakasi ule ule. Ulimi unakunjamana kama umelamba ndizi mbichi. Nikamtupia beberu kidogo. Alinusa, akanitazama, akageukia ukuta.

Wakwe wakafika. "Mwangaluka!" akasalimia Mzee Masanja, mtu mrefu, fimbo mkononi, kofia ya mjini. Tukaitikia, walio wadogo wakatoa shikamoo zao, wakakaribishwa, wakapewa chai ya strungi isiyo na maziwa, maana maziwa yalikuwa yameharibika. Wakanywa. Wakatazama beberu. Beberu akawatazama. Mzee Masanja akatabasamu kidogo, nikajua anafikiri bado kidogo tu huyu atachinjwa.

Nikaleta sufuria. Nikafunua.

Kabula akainama akachungulia. "Mboga hii nzuri," akasema taratibu. "Kitoweo kinakuja?"

"Hicho ndicho kitoweo," akasema Bwana Maabara. "Hiyo ni nyama."

Ngassa akamgeukia kaka yake. Mzee Masanja akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, akaiacha hapo. Tereza akashika beseni la kunawia na birika la maji, akasimama mbele yake, mzee hakunyoosha mikono. Tereza akaenda kwa Ngassa, naye hakunyoosha. Kwa Kabula, hivyohivyo. Nyuma ya pazia nikasikia kitu kimeanguka, nadhani ni Nyanzala alikaa chini ghafla.

"Wakwe msinielewe vibaya," akasema Bwana Maabara, na tayari alikuwa ameleta sinia lake la vichupa. "Sitaki mniamini mimi. Iaminini dawa." Akapanga. Kimoja cha maji matupu. Kimoja cha supu ya ng'ombe aliyoinunua Kanyenye. Kimoja cha maji ya sufuria yangu. Akatia ya kwanza, akangoja. Akatia ya njano, akangoja. Rangi haikimbizwi. Maji yakabaki maji. Supu ikawa bluu. Majani yakawa bluu ya kutisha.

"Mmeona?"

"Bluu nimeiona," akasema Mzee Masanja. "Ng'ombe sijamwona."

Hapo ndipo alipoinuka Bi Mwanahawa. Wasiojua utani niwaeleze: Wazaramo na sisi ni watani tangu hiyo hiyo misafara, wazee wao walitupokea pwani tumechoka, tumechafuka, wakatucheka, tukawacheka, imebaki hivyo. Mtani anaweza kukuambia lolote, kukuchukulia lolote, na kukasirika huruhusiwi. Bi Mwanahawa alisimama na kikombe chake mkononi.

"Wanyamwezi bwana! Mlibeba mizigo mpaka akili mkaiacha njiani! Haya, mtani, mimi nina njaa ya nyama tangu asubuhi. Nipimie na mimi hii yangu." Akachukua kichupa kitupu kwenye sinia, akamimina strungi yake humo, akakitia usoni kwa Bwana Maabara. "Tia dawa. Labda nimekula ng'ombe bila kujua!"

Watu wakacheka, hata Kabula akacheka. Kwa utani Bwana Maabara hakuweza kukataa. Akatia ya kwanza. Akatia ya njano. Akawa anatabasamu, anataka kumwonyesha mtani aibu yake.

Chai ikawa bluu. Tena bluu ya wino.

Ua ulilipuka. "Nyama tumekunywa!" Ngassa akajipiga pajani. "Kaka, tumeshakula, twende nyumbani!" Bi Mwanahawa akazunguka na kikombe juu, anapiga vigelegele, anauza supu ya ng'ombe wa majani ya chai. Beberu akalia meee. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikashika ukuta, nikisahau kwamba ndoa ya mtoto wa watu inakufa mbele yangu.

Bwana Maabara hakucheka. Alimimina chai nyingine kutoka kwenye birika kwa mkono wake, akarudia. Bluu. Akachukua jani la mtundu, akalitafuna, macho amefumba. Kisha akanywa chai. Kisha jani tena. Nikaona uso wake unabadilika kama mtu anayesikia hatua za mgeni asiyemtaka.

Katekista Yohana akamsogelea. Nilikuwa karibu, nilisikia. "Shemeji, sema ilikuwa na tone la maziwa. Maziwa si yana protini? Sema birika lilikuwa na masalia ya maziwa, uokoke."

Na angeokoka. Nani angebisha? Birika lilikuwa la chuma, ndani halionekani, wakwe hawakujua siri za jikoni. Majani yangebaki nyama, naye angebaki mtaalamu.

"Haikuwa na maziwa," akasema kwa sauti, watu wote wakasikia. Akaweka sinia chini. "Wakwe zangu, nisikilizeni. Dawa hii inageuka bluu ikikutana na protini. Sasa naona inageuka bluu ikikutana na ukakasi pia. Ukakasi wa majani, ukakasi wa chai. Haichagui. Mimi niliiuliza nyama, yenyewe ikanijibu ukakasi, nikashangilia. Nilisema dawa haina njaa. Dawa nayo ina njaa, inashika chochote. Sufuria hiyo haina nyama. Nimewakosea, na binti yangu hana kosa."

Mzee Masanja akamtazama muda mrefu. Mikono bado iko magotini. Kisha akamgeukia Ngassa.

"Unamwona huyu? Amepewa uongo mkononi, umekunjwa vizuri, ameukataa. Binti wa mtu kama huyu atakuwa hivyohivyo. Luhende akichelewa kurudi nyumbani, hataweza kumdanganya." Akapumua. "Tutapata tabu sana na huyu mtoto." Akanyoosha mikono. "Mama, leta maji."

Tereza alimimina maji mpaka yakafurika beseni, yakaloanisha viatu vya Mzee Masanja, hakuna aliyejali. Nyuma ya pazia Nyanzala alipiga kigelegele, bibi harusi anajipigia mwenyewe, sijawahi kuona. Beberu akachinjwa mchana ule ule, maskini, baada ya kuamini ameokoka. Wakwe wakangoja, wakaongezewa strungi. "Hii ni nyama ya kuanzia," akasema Ngassa kila alipojaziwa.

Bi Mwanahawa akatoa hukumu ya mtani: Bwana Maabara ale sahani nzima ya majani yake kabla ya kugusa mbuzi. Akala yote. Ulimi ukamkauka hata alipotakiwa kutoa hotuba ya baba wa binti akaweza kusema "Karibuni" tu, akakaa. Katekista Yohana anasema ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizozisikia.

Tangu hapo alibadilika kidogo, si sana. Kupima aliendelea, lakini kila kitu cha majani alikiuliza kwanza kwa ulimi. Kikiwa na ukakasi, anasema, "Huyu shahidi amenunuliwa," anakiacha. Aliwahi kunionyesha jambo jingine, akamimina strungi nzito kwenye supu safi. Supu ikachafuka, mashapo yakashuka chini. "Unaona, Mama Kalunde? Ukakasi unaishika protini unaizamisha. Majani yanajifanya nyama, na nyama iliyopo yanaificha. Uongo wa pande mbili." Alilisema kwa heshima, kama mtu anayemsifu mwizi aliyemwibia. Na Mzee Masanja kila mwaka alimletea paja la ng'ombe na pakiti ya majani ya chai, vimefungwa pamoja, akisema ni nyama zake mbili.

Nilimwona kwa ukaribu mara ya mwisho siku tuliyomzika Bi Mwanahawa. Macho ya Bwana Maabara yalikuwa yamekwisha, mtoto wa jicho amefunika yote mawili, rangi hazioni. Kwa mila, Mnyamwezi kwenye msiba wa Mzaramo halii. Anatania, anakalia mlango, anadai marehemu amekimbia kazi. Sisi tulitania. Yeye alilia. Alilia vibaya, watu wakamshangaa, watani wakamwambia ametia aibu kabila.

Jioni akaja kwangu akipapasa ukuta. Nikampa strungi. Akanywa, akajifuta macho, akatoa mfukoni kichupa na zile chupa mbili za dawa, zimebaki matone.

"Mama Kalunde, haya hayawezi kuwa machozi. Mtu halii kwa mtani. Ni macho yangu mabovu yanavuja maji. Nitazamie."

Akakusanya kwa kidole chake mwenyewe kutoka shavuni, akapangusia kwenye kichupa. Nikamtilia ya kwanza, nikamtilia ya njano, nikangoja kama nilivyomwona akingoja miaka yote.

"Rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu gani?"

"Kama shati la shule lililofuliwa sana."

Akapapasa mezani, kidole kikagusa kikombe, kikombe kilikuwa kimemwagika kidogo kisahanini. Akakinusa kile kidole. Uso ukafunguka.

"Nilishika chai kwanza," akasema. "Kidole kina chai. Jibu halifai."

"Turudie?"

"Dawa imekwisha." Akajifuta macho tena, na yalikuwa yanamwagika. "Basi hatujui. Andika hivyo, Kalunde. Hatujui."

Nimeandika. Ila mimi majina hayanipotei, rangi ndizo zinaweza kunichanganya. Kama ulikuwepo siku ile ya wakwe ukaona bluu yako, au beberu hakuwa mwekundu, au Kabula hakucheka, njoo Isevya uniambie nifute niandike upya. Utakaribishwa chai. Kabla ya kusema lolote, nitakuomba unawe mikono.